Mwalimu Baki na Ukurasa wa Pili

Nimepiga chapa katika ofisi ya shule ile kwa miaka kumi na tisa, na kama kuna mtu aliyenizeesha kabla ya wakati wangu, ni Mwalimu Baki. Simsemi vibaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwalimu wa hesabu kama yule sijaona mwingine. Lakini kumpigia chapa barua ni adhabu. Unaandika "wanafunzi wapatao arobaini," naye amekusimamia begani, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua, anasema, "Dada, ni thelathini na saba." Unamwambia ndiyo maana nimeandika wapatao. Anakujibu, "Hawafiki."

Jina la Baki alipewa na wanafunzi. Mtoto akigawa kumi na saba kwa tano, akapata tatu, akageuka kwenda kukaa, mwalimu humuuliza, "Na baki je?" Humuuliza kwa upole, ila hamwachi mpaka aiseme. Jina likamfuata hadi nyumbani. Mkewe, fundi cherehani na rafiki yangu wa siku nyingi, husimulia kwamba kadi ya harusi yao iliandikwa saa nane mchana. Bwana harusi akafika saa nane. Wageni, wazee na bibi harusi mwenyewe wakafika saa kumi na moja, kama watu wote wenye akili timamu, wakamkuta amekaa peke yake katikati ya viti mia mbili na kumi. Idadi hiyo tunaijua kwa sababu alikuwa ameshavihesabu. "Hapo ndipo nilipojua siolewi na mwanamume," mkewe husema, "naolewa na rula." Husema hivyo huku anampigia pasi shati la kesho, maana anampenda, na hilo halina ubishi.

Nyuma ya ofisi yangu kulikuwa na stoo. Kila siku saa tisa na nusu, masomo yakiisha, Baki alikuwa akiifungua na kuwaingiza watoto wake thelathini na saba. Hao walikuwa wa mkiani, wale ambao walimu wengine walishawaandikia "ajitahidi zaidi" mpaka wino ukawaishia. Aliwafundisha kwa vizibo vya chupa, kwa kamba zenye mafundo, na kwa mizani ya dukani iliyopoteza sahani moja ikawekewa kifuniko cha sufuria. Bibi mmoja mwalimu mstaafu alikuja kumsaidia kwa malipo ya nauli tu. Ukuta wa stoo ni mwembamba, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mimi niliyeachana na hesabu shuleni bila hata kuagana, siku moja nilijikuta sokoni nakata robo tatu ya bei kichwani, na muuza vitunguu akanitazama kwa chuki.

Fedha kidogo za kuendeshea mambo hayo zilitoka kwa shirika moja, nalo likatuandikia kurasa nne za kutuambia kwamba mradi umefikia mwisho wake kwa mafanikio makubwa. Mwalimu Mkuu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiimezea mate ile stoo ili aweke mashine ya kutolea nakala na kuwauzia majirani huduma, akatoa muda mpaka mwisho wa muhula. Asipopatikana mfadhili mwingine, watoto watoke. Siku hiyo Baki aliingia ofisini kwangu, akavuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Dada, tuandike."

Tukaandika. Jamani, tuliandika! Kila mfuko wa ufadhili na fomu yake, na kila fomu na maswali yake, na kwa kila swali Baki alijibu alichoulizwa. Fomu moja iliuliza: mradi utabadilisha maisha ya watu wangapi? Akajibu: "Sijui. Niulizeni baada ya miaka kumi na miwili." Nyingine ikataka hatari zinazoweza kuukwamisha mradi. Akaorodhesha ishirini na tatu, ya nne ikiwa "Mimi kufa," na ya tano "Mimi kuugua lakini nisife." Fomu ya tatu ikauliza mradi utaendeleaje siku wafadhili wakijitoa. Akaandika: "Hautaendelea. Ndiyo maana naomba."

"Mwalimu," nilimwambia, "hapa watu huandika jamii itaumiliki mradi."

"Jamii ipi?"

"Basi tu, jamii. Wanapenda neno hilo."

"Jamii ni wewe na mimi na yule bibi wa nauli," alisema. "Wewe unaumiliki?"

Barua kumi na nne zikatoka. Tisa zikarudi na "Tunasikitika," na tano hazikurudi kabisa. Muhula ulikuwa umebakiza wiki saba ilipofika fomu ya kumi na tano, ya mfuko mmoja mkubwa. Walitaka kujua wanufaika ni wangapi. Baki akaandika thelathini na saba. Walitaka kujua ni asilimia ngapi watakaofaulu. Akaandika: "Sitini na mbili hivi, kama wale watoto wawili wa dereva hawatahama." Nikaitazama ile sitini na mbili. Nani atatoa pesa zake kwa sitini na mbili? Hata mimi nisingetoa.

Sasa nikwambie kitu ambacho makarani wote wanakijua na wakubwa wote hawakijui. Saini hukaa ukurasa wa mwisho. Kurasa za katikati hazina mlinzi. Baki alikagua kila tarakimu, akatia saini ukurasa wa nne, akaenda darasani. Mimi nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua ukurasa wa pili, nikaiongezea thelathini na saba sifuri moja, moja tu, na ile sitini na mbili pamoja na watoto wa dereva nikaifuta, nikaandika mia. Nikauchapa upya, nikaupachika mahali pake, nikaramba bahasha. Sikujiona mwizi. Nilijiona mkombozi, na nilikula chakula cha mchana kwa hamu.

Wanasema za mwizi arobaini. Zangu zilikuwa kumi na moja. Siku ya kumi na moja ikaja barua: ombi limevutia sana, afisa wa mfuko atafika Jumanne saa nne asubuhi kuwaona wanafunzi mia tatu na sabini wakiwa katika programu yao.

Barua nafungua mimi. Niliisoma mara tatu. Kumwambia Baki sikuweza. Nikampelekea Mwalimu Mkuu, nikakiri kila kitu, nikangoja anifukuze. Badala yake akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

"Mia tatu na sabini?" alisema. "Shule nzima tuna mia nne na kumi na wawili. Tunao!"

"Mwalimu Mkuu, na Baki je?"

"Huyo atatuharibia. Jumanne nitamtuma ofisi ya elimu akafuate fomu."

Jumanne asubuhi, Baki akiwa ameshaondoka, madarasa yote yakamwagwa uwanjani. Vizibo vilikuwa vya watoto thelathini na saba, kwa hiyo wengine wakapewa kokoto. Na kwa kuwa programu ni ya wasiojua hesabu, wanafunzi bora wakaambiwa kwamba leo wasijue sana. Hapo ikazuka kesi. Msichana anayeshika nafasi ya kwanza darasa la saba akaanza kulia. "Mwalimu, saba mara nane nisiijue vipi? Nikijaribu kutoijua inakuja yenyewe." Akatumwa akachote maji mpaka mgeni aondoke.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, viatu vya kutembelea, daftari dogo, maneno machache. Alisimama mbele ya bahari ya watoto waliokuwa wakipanga kokoto bila kujua wanapangia nini, na Mwalimu Mkuu akaanza kueleza jinsi jamii inavyoumiliki mradi. Hakuwa amefika mbali nilipoliona shati lililopigwa pasi likiingia getini. Ofisi ya elimu ilikuwa imefungwa. Laiti siku hiyo hao watu wangefika kazini mapema!

Baki akaja moja kwa moja, akamsalimia mgeni kwa heshima, akageuka kutazama uwanja.

"Hawa ni akina nani?" akauliza.

"Ni wanafunzi wako, Mwalimu," Mwalimu Mkuu akasema, huku jicho moja likimkonyeza hadi karibu lifunge kabisa.

"Wangu ni thelathini na saba. Leo thelathini na sita, mmoja ana homa."

Mgeni akafungua mkoba, akatoa fomu, akamwonyesha ukurasa wa pili. Baki akapandisha miwani. Akausoma pole pole, mstari kwa mstari. Kisha akainua macho akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni mwa ofisi, na sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyehesabu jambo miaka mingi akalipata sawa, halafu leo limegoma.

"Hii ni saini yako?" mgeni akauliza.

"Saini ni yangu," akasema. "Ukurasa huu una makosa mawili, na ninaomba radhi kwa yote mawili."

Basi. Angeweza kusema neno moja tu, karani, na angekuwa amesema kweli tupu. Mtu ambaye hakubali arobaini mahali pa thelathini na saba alisimama pale juani akaibeba aibu yangu mbele ya shule nzima. Nikaona miguu yangu inatembea yenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye aliandika kweli. Ameandika kweli mara kumi na nne na hakuna aliyekuja. Nikaongeza sifuri, ukaja."

Mgeni akanigeukia. Akauliza kama ukurasa wa kweli ninao. Ninao, nakala situpi, nikamletea. Akausoma amesimama, na alipofika kwa watoto wa dereva akacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani. Kisha akakunja uso wa kazi. Ombi lenye takwimu za uongo linafutwa, akasema, na hilo hana uwezo wa kulibadili. Ila mfuko unapokea maombi mengine baada ya wiki nne, na kabla hajaondoka angependa kuwaona hao thelathini na sita. Akaingia nao stoo. Akakaa saa nzima kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alipotoka alimuuliza Mwalimu Mkuu kama atawakuta hapo akirudi, na Mwalimu Mkuu, mbele za watu, akasema stoo ni ya watoto tangu zamani.

Mimi nikapewa barua ya onyo. Niliipiga chapa mwenyewe, maana karani ni mimi, na nilimsahihishia Mwalimu Mkuu makosa yake mawili. Yeye aliyemwaga watoto mia nne uwanjani hakujiandikia yoyote.

Baki hakunisemesha siku nne. Salamu alinipa, na karatasi zake aliniletea, lakini maneno hakuna. Niliumia kuliko ningefukuzwa. Siku ya tano nikamfuata stoo akiwa anapanga vizibo, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Niliulizwa kuhusu saini," akasema. "Sikuulizwa kuhusu wewe."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilitaka tu uzipate hizo pesa."

"Najua." Akaendelea kupanga vizibo vyake. "Lakini Dada, tungezipata, wale mia tatu thelathini na watatu ningewatoa wapi? Kila siku ningeita majina humu ndani, na ningejua ni wangapi hawapo."

Nikachuchumaa, nikamsaidia vizibo.

Ombi jipya nililiandika kama alivyolisema, neno kwa neno, na hatari zake zote ishirini na tatu. Hata "Mimi kufa" sikuigusa. Jibu lilikuja wiki ya mwisho ya muhula, siku ya Alhamisi, saa tisa na dakika hamsini, bahasha nyembamba ya aina ninayoichukia, kwa sababu "Tunasikitika" huwa fupi. Niliifungua nimesimama. Wamekubali. Mwaka mzima, wanafunzi thelathini na saba, nauli ya bibi imo. Nikapiga kelele ambayo karani wa umri wangu hapaswi kuipiga, nikazunguka mbio hadi stoo, barua mkononi.

Mlangoni Baki akaninyooshea kidole kimoja: subiri. Ubaoni alisimama msichana mdogo aliyehamia shule ile bila kujua kuhesabu kupita ishirini, anagawa hamsini na tatu kwa nne. Nikaipunga ile barua, nikamwonyesha nembo ya mfuko. Aliiona, najua aliiona, maana alipandisha miwani. Lakini hakutoka pale alipo. Yule mtoto akakosea, akafuta kwa kiganja, akaanza upya kuanzia mwanzo, kizibo kimoja kimoja, mdomo wazi. Nikaegemea mlango nikangoja. Watoto wote wakangoja. Ikatimia dakika ya sita ndipo akageuka, chaki hadi kwenye nyusi, akasema kwa sauti ndogo, "Kumi na tatu."

"Na baki je?" Mwalimu akamuuliza.