Tusekile, aliyeiandika Lyulilo kwa Kilatini

Akili yangu bado inagoma, jamani. Jana tumemzika Tusekile kwao Ikolo, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie.

Homa ya siku chache tu. Alikuja nyumbani likizo, akaugua, akaondoka.

Kwa msiomjua: tulikaa chumba kimoja chuoni. Mimi nilisoma uhasibu. Yeye alianza na sheria, akaingia lecture moja ya Kilatini kwa sababu ukumbi ule ulikuwa na feni nzima. Wiki ile ile akahama kozi! Tuse bwana.

"Sisi tunabadilisha kichwa cha neno, Warumi wanabadilisha mkia," aliniambia akiwa amelala chali, anaangalia dari kama anaona kitu huko juu. Hata usingizini alinong'ona vitenzi.

Baba yake alipopiga kuulizia kozi hiyo nilikuwepo, simu iko loudspeaker.

"Nani anaongea Kilatini hapa Ikolo?"

"Hakuna, baba."

"Na huko Roma?"

"Nako hakuna."

Simu ikakatwa. Muhula mzima mzee hakupiga tena. Tuse alilia, akafuta uso, akarudi kwenye vitabu.

Kisha wakapewa assignment: andika kwa Kilatini kuhusu kwenu. Akachagua Lyulilo, soko la samaki na vyungu ufukweni mwa ziwa, ambako baba yake alimpeleka utotoni. Akakwama. Warumi hawakuijua kakao inayouzwa pale, na yeye mwenyewe vitu vingine alishavisahau.

Akavuta pumzi, akampigia mzee.

"Baba, vyungu vikishushwa kwenye mtumbwi, vinapangwa mdomo juu au chini?"

Mimi nimekumbatia mto.

"Chini," mzee akasema. "Mvua isiingie. Unaulizia nini?"

Waliongea mpaka salio likaisha. Baada ya hapo akawa anapiga mzee mwenyewe. "Umefika wapi? Milima umeitaja? Usiache milima!"

Likizo iliyofuata tulikwenda Lyulilo watatu. Ukungu ulikuwa bado umelala ziwani, milima inaelea juu yake kama haina miguu. Tuse akaingia majini mpaka magotini, akasoma insha yake kwa sauti.

Wamama wanaouza vyungu wakageuka kusikiliza. Sikuelewa hata neno, lakini nilitamani asimalize. Sauti ilikwenda taratibu, maji yakiipokea.

Mzee alikuwa amefumba macho. Ghafla akayafumbua.

"Hapo umenitaja!"

"Nimekutaja, baba."

"Rudia."

Akarudia. Mzee akaomba tena, na tena, mpaka wamama wakaanza kucheka na yeye mwenyewe akacheka.

Jana makaburini watu walipoanza kutawanyika mzee alinisogelea, viatu vimejaa udongo.

"Mwanangu, hicho Kilatini, mtu wa umri wangu anaweza kukianza?"

Tuse, mimi mtu wa hesabu, nitamwambia nini? Nikamshika mkono, tukasimama hapo pembeni yako, upepo wa ziwa unapita kwenye migomba.

Sasa hivi kanitumia meseji. Anauliza aanze na kitabu gani.

Ndaga, asante, rafiki yangu. Ndaga sana. Lala unono, Tusekile.