Chumvi Ilikuwa Kazi ya Shemeji

Saa saba mchana. Nje lami inachoma nyayo, lakini ndani ya kiwanda hiki cha barafu mwanamume mmoja amevaa makoti mawili na kofia ya sufu. Anachovya kidole kwenye bwawa la maji ya chumvi, anakilamba, kisha anapaza sauti: "Imekolea?"

Hakuna anayejibu.

"Imekolea," anajijibu mwenyewe, na kurudi kazini.

Wateja wanamwita Friji. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia humu, akitumbukiza makopo marefu ya maji ya bomba ndani ya bwawa hilo. Baridi yake ni nyuzi kumi chini ya sifuri, lakini bwawa haligandi.

"Siri ni chumvi," anasema. "Maji ya kwenye makopo yanaganda, haya yanayoyazunguka hayagandi. Chumvi ikipungua tu, umekwisha."

Yalishamkuta. Kwa miaka ishirini na miwili chumvi ilikuwa kazi ya shemeji yake, mume wa dada yake. Friji akiuliza, shemeji alilamba na kuitikia. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Mwaka jana shemeji alifariki. Wiki mbili baada ya mazishi bwawa likaganda lote, na makopo mia moja na ishirini yakanasa ndani.

"Nilikuwa nauliza kila siku kama kawaida. Sijibiwi, naendelea na kazi. Chumvi haikunijia akilini hata mara moja, jamani! Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hata kumwagika yalikataa."

Alivunja barafu kwa mtaimbo siku mbili. Mwenye kiwanda akamwambia wazi: likiganda tena, bwawa linafungwa. Mwaka ukipita salama, ataajiri mtu wa pili. Imebaki miezi miwili.

"Nyumbani nina mke na wajukuu, kelele tele," anasema Friji. "Upweke wangu uko hapa. Mashine inanguruma kutwa, lakini haijui utani. Shemeji alikuwa ananiambia nikifa nisizikwe, niwekwe humu humu, nitadumu. Kumbe atatangulia yeye."

Anajifuta uso kwa kofia.

Je, huyo mtu wa pili akija, atampa kazi ipi?

"Ndoo ya chumvi nitaibeba mwenyewe, nimeshazoea," anasema. "Yeye aitikie tu."