Tofali la Tatu

Mtaani walimwita Daktari Barafu, na wapwa zake, wasio na adabu, Shangazi Friji. Alikuwa bingwa wa barafu za ncha za dunia, zile zinazoyeyuka na kuijaza bahari, ingawa barafu pekee aliyowahi kuigusa ilitoka kwenye jagi la juisi la ofisini. Nyingine zote alizisoma kwenye picha za setilaiti, mlango umefungwa, kiyoyozi kikivuma, sweta begani.

Gatini, mwendo wa dakika kumi tu kutoka kiti chake, ulisimama ubao wa namba uliokuwa ukipima kina cha bahari kwa miaka kumi na tisa. Mlinzi wa gati aliusoma kila asubuhi na kumtumia namba kwa simu. Daktari hakuona sababu ya kwenda mwenyewe. Huko kuna jua, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi.

Wiki moja namba zikaporomoka. Kwa mujibu wa simu, bahari ilikuwa imeshuka shibiri nzima kati ya Jumamosi na Jumatatu. Mtu mwenye akili ya kawaida angeuliza ni nani aliyeugusa ubao. Daktari hakuwa na akili ya kawaida. Alikuwa na shahada tatu. Akaandika kurasa ishirini na mbili kueleza kwamba barafu za mbali zikipungua huacha kuyavuta maji, maji hujipanga upya, na pwani hii imebahatika. Mkutanoni walisimama kumpigia makofi. Mkurugenzi wake akamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Juma lililofuata kamati ya mji ikaufuta ukuta uliokuwa ujengwe kuzuia maji katika mtaa wa chini, maana bahari imerudi nyuma kwa hiari yake.

Mtaa wa chini ndiko alikokaa mama yake.

Alikwenda kumwonyesha mama picha yake gazetini. Akavua viatu mlangoni kama alivyolelewa, akaingia jikoni, soksi zikalowa chapa. Maji ya chumvi yalikuwa yametulia sakafuni kama mgeni aliyekwisha kuzoea nyumba. Jiko la mama lilisimama juu ya matofali matatu, moja juu ya jingine.

"Mama, haya matofali ya nini?"

"La kwanza niliweka mwaka ulipopata kazi. La pili, mwaka ule ulipovunjika mkono. Hili la tatu, mwezi uliopita." Mama akafunika sufuria. "Enhe, hilo gazeti linasemaje? Bahari imeshuka?"

Daktari akalikunja gazeti, akavaa viatu.

Alikwenda mbio hadi gatini. Ubao uling'aa kwa rangi mpya, na shibiri moja chini yake, kwenye nguzo, yalichungulia matundu manne ya skrubu za zamani. Fundi rangi alikuwepo, tena hakuficha kitu.

"Mimi ndiye niliyeupandisha, Daktari. Ulikuwa unalowa, rangi haishiki. Nilitaka upendeze."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Mimi leo ndiyo nakuona hapa."

Aibu ilimchoma, na ilistahili kumchoma. Mkurugenzi, alipopigiwa simu, alimshauri anyamaze: makala imeshasifiwa, wakikiri watachekwa. "Tuanze kuhesabu upya kuanzia ubao ulipo sasa," alisema. "Nani atajua?" Daktari alitamani sana kukubali, kwa kuwa makofi ni matamu. Lakini soksi zilikuwa hazijakauka.

Siku ya kamati aliazima tofali la tatu la mama yake, akaliweka mezani juu ya kitambaa cheupe, likichuruzika. Akasema amekosea, kurasa zote ishirini na mbili, na kwamba mtaa wa chini unazama. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mjumbe mmoja aliuliza kama tofali ni kipimo kinachotambulika. Mwingine aliuliza nani atakifua kitambaa. Mwishowe ukuta ukarudishwa kwenye ajenda ya kikao kijacho, baada ya miezi sita, Mungu akipenda na akidi ikitimia.

Jioni alimkuta mama amekaa kitandani, miguu juu. Jiko lililobaki na matofali mawili lilikuwa limezimika, maji yamefika kwenye makaa.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia nilikosea, mama. Watakaa tena baada ya miezi sita."

Mama akanyoosha mkono.

"Basi nirudishie tofali langu, mwanangu. Na kesho uniletee la nne."