Neno Nililotafsiri Mpemba

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, na waliokuwepo bado wako hapa mjini kwetu Mpemba. Waulize.

Mzee Anyosisye alishuka kutoka milima ya Ileje kuja kutuhubiria. Mcheshi sana yule mzee, ila Kiswahili kinampiga chenga, kwa hiyo huhubiri kwa Kindali, lugha ya kwao, na mimi natafsiri. Tumefanya hivyo miaka mingi, hadi najua hata atakapokohoa.

Siku ile alihubiri habari za Mariamu kaburini, alivyolia mbele ya Bwana bila kumtambua, mpaka alipoitwa jina lake. Nyuma kabisa alikaa Mama Tusa, muuza nguo. Hakuwa amekanyaga kanisani tangu amzike binti yake. Dada yake ndiye aliyemkokota.

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia tena, sauti yake ileile, kwa Kindali, taratibu. Nikatafsiri: "Mama, mtoto hakuwa peke yake. Nilikuwa nimemshika mkono."

Niamini, nilidhani nimekosea neno. Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa na glasi mdomoni, anakunywa maji, ananishangaa.

Mama Tusa akasimama. "Nani amekwambia?" akaniuliza. "Nani?"

Binti yake alifia hospitali wakati yeye amevuka mpaka kwenda Nakonde kufuata mzigo. Hilo tulilijua. Lakini kwamba kila alfajiri alikuwa akimuuliza Mungu swali moja tu, nani alikuwa na mwanangu, hakuwahi kumwambia mtu. Alituambia siku ile, huku analia, mzee amemkumbatia.

Baada ya ibada nikamvuta mzee pembeni. "Baba, ulisema au hukusema?"

"Sikusema, mwanangu. Natamani ningekuwa mimi niliyesema."

Siku hizi Mama Tusa yuko kwaya. Anaimba vibaya, na hakuna anayethubutu kumwambia.

Mimi sauti ile sijaisikia tena. Mwaka jana nilijaribu kuongeza maneno yangu, nikijifanya nimesikia. Watu walilia vilevile. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula kwa aibu.

Kwa hiyo wewe unayesimama mbele za watu kuwafikishia neno, nakuonya: usiposikia kitu, funga mdomo. Wanaokusikiliza hawana namna ya kujua tofauti. Wewe unaijua.