Matairi Yaliyofungwa Kinyume

Wenzangu wameolewa na watu, mimi niliolewa na matairi. Mume wangu hata usingizini humwuliza mtu anataka upepo kiasi gani. Mjini wanamwita Pancha, jina alilolichukia mwaka mzima, kisha siku moja akaliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa banda lake. Nje ya banda kuna benchi, na hapo ndipo ninapouza chai na kusikia mambo ya watu bila kuwauliza. Haya ya mtu aliyeitwa Kimya nayaeleza kwa sababu yanasimuliwa vibaya huko nje, na mimi sina subira na uongo.

Mtu akija kutafuta matairi ya trekta dogo, Pancha hamwulizi trekta ni la aina gani. Humwuliza linakanyaga wapi. Akishajibiwa, humpeleka ukutani ambako matairi ya namna tatu yameegemezwa. Kuna ya nyasi, mapana na yenye vimeno vidogo visivyochubua uwanja. Kuna ya kazi mchanganyiko, yenye meno mafupi manene na mashavu magumu, kwa mtu wa mawe na kokoto. Halafu kuna ya shamba, yenye meno marefu yaliyopangwa mfano wa V, na hayo ndiyo ya tope. Akiona mtu ana uwanja wa nyasi na anang'ang'ania ya shamba, anamrudisha kwao. Nimemwona akimfukuza mteja mwenye hela mkononi, nikamnunia mpaka kesho yake.

Sasa, tairi la shamba lina upande wake. Likifungwa sawasawa, alama yake kwenye tope ni V inayofungua mdomo kuelekea trekta linakokwenda. Ncha yake inabaki kuonyesha lilikotoka. Kwetu kila anayelima anajua kusoma alama hizo. Utawasikia wakisema fulani ameshakwenda shambani, fulani amesharudi, bila kumwona mtu.

Kimya alikuja peke yake mchana mmoja, akalisimamisha trekta lake mbele ya benchi langu. Jina lilimfaa. Ulikuwa ukimsalimu leo unaweza kupata jibu kesho, na watu walitania kwamba mkewe alichumbiwa kwa ishara. Kazi yake ilikuwa kuzoa udongo wa matofali kwenye bonde lililo nyuma ya nyumba yake.

"Linakanyaga wapi?" Pancha akamwuliza.

"Bondeni."

"Tope lake likoje?"

Kimya akagusa goti lake.

"Basi chukua ya shamba. Hapo hatuna mjadala."

"Nifungie kinyume," Kimya akasema.

Pancha alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Ndipo Kimya, kwa shida, akaeleza. Njia ya kule ilipita juu ya tuta jembamba lisilo na pa kugeuzia. Alikuwa anashuka bila mzigo akitazama mbele, na anapanda kinyumenyume, koleo la mbele ya trekta limejaa udongo.

"Kushuka hata kwa tairi kipara nitashuka," akasema. "Kupanda ndiko kunakonitesa."

"Leo umemaliza akiba ya maneno ya mwezi mzima," nikamwambia, naye akatabasamu kidogo.

Alikuwa na haki, na Pancha alijua. Meno hung'ata vizuri upande mmoja tu, na yeye alihitaji yang'ate akirudi nyuma na mzigo. Lakini mume wangu ana kiburi cha kazi yake. Alizunguka lile trekta akijikuna kichwa, akayafunga matairi ya nyuma kinyume, na alipomaliza akamwomba Kimya jambo moja.

"Ukiulizwa nani kafunga, usinitaje. Watasema Pancha siku hizi hajui mbele wala nyuma."

Kumwomba Kimya asiseme ni kumwomba samaki aingie majini. Akaondoka, na mimi mwenyewe nikalisahau jambo hilo.

Mvua kubwa zikaja. Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua isiyopumzika, muuza maziwa alileta baiskeli yake izibwe.

"Mmesikia ya kwa Kimya?" akasema. "Trekta limerudi alfajiri, limeingia mpaka uani, halafu halipo. Na yeye hayupo. Alama za kuingia zipo, za kutoka hazipo."

"Labda limepaa," nikasema.

Pancha hakucheka. Alikuwa ameuzamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni la maji kutafuta tundu, na viputo vilikuwa vinapanda. Akauacha humo humo. Akainuka na mikono yake michafu, akaanza kutembea, nami nikamfuata nikiwa nimesahau hata kufunika birika.

Uani kwa Kimya palikuwa na watu wengi na hapakuwa na sauti. Walikuwa wamesimama wamejibana ukutani, kila mmoja akikwepa kukanyaga katikati. Katikati ndipo zilipopita zile alama, mistari miwili ya V safi kabisa, kutoka kwenye njia ya bondeni hadi mlango wa kibanda cha trekta, midomo yote imefunguka kuelekea nyumbani. Kibanda kilikuwa kitupu.

Mbele ya nyumba kuna barabara ya kokoto isiyoshika alama. Wanaume walikuwa wameifuata barabara hiyo tangu asubuhi, wakiamini Kimya alirudi kutoka bondeni kisha akatokea mbele. Bondeni hakuna aliyekwenda. Utamtafutaje mtu mahali ambako amesharudi? Na waliobaki walikuwa na sababu nyingine ya kutokwenda. Mama mmoja alininong'oneza kwamba kilichopanda alfajiri ile huenda hakikuwa Kimya.

Mke wa Kimya alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu kwa homa, na nguo kavu za mumewe mapajani.

"Dada, msiongee kwa nguvu," akaniambia. "Ameingia. Atakuwa amechoka."

"Umemwona?"

"Nilikuwa nimelala, homa imenizidi. Jana usiku hakurudi, nikajua mvua imemzuia kule bondeni. Alfajiri nikasikia trekta, nikasikia na mlango. Nikaamka nikampikia chai."

Nikachungulia ndani. Chai ilikuwa mezani, imefanya utando. Kitandani, shuka la upande wa mumewe lilikuwa limekunjuliwa vizuri, kama linavyokunjuliwa kwa mtu anayetarajiwa kulala sasa hivi. Mimi si mwoga, lakini pale niliogopa. Niliogopa zaidi kwa sababu yeye hakuwa na hofu hata kidogo.

Niliporudi nje, Pancha alikuwa amechuchumaa juu ya alama, kiganja chake ndani ya tope.

"Haya hayaingii," akasema. "Yanatoka."

Akainuka, akawageukia watu.

"Niliyafunga kinyume. Ni mimi niliyeyafunga. Huyu mtu ametoka alfajiri na hajarudi."

Kisha akakimbia. Sikuwa nimemwona mume wangu akikimbia tangu tuoane. Tuliifuata njia ya bondeni, mimi na wanaume wachache waliopata ujasiri, na zile V zikawa zinatujia usoni njia nzima, kana kwamba kitu kinapishana nasi kikielekea nyumbani.

Tuta lilikuwa limemeguka. Trekta lilikuwa chini, tumbo juu, na matairi ya nyuma yameoshwa na mvua yakawa mapya kama siku yalipokuwa ukutani. Kimya alikuwa amebanwa kuanzia kiunoni. Nilikuwa wa kwanza kufika kwake, nikamgusa shingoni, na shingo haikuwa imepoa. Lakini alikuwa ameshakwenda.

"Ni tangu lini?" Pancha akaniuliza kutoka juu.

Kucha za Kimya zilikuwa zimejaa tope. Ubavuni mwake kulikuwa na shimo alilolichimba kwa mkono, la ukubwa wa beseni, na shimo kama lile halichimbwi kwa dakika mbili. Nikaweka mguu wangu humo, nikalikanyaga mpaka likajifunga.

"Tangu alfajiri," nikamjibu. "Hakuteseka."

Jioni ile tuliona blanketi kwenye kochi la sebuleni, ambako hakuna aliyekuwa ameingia siku hiyo, na nguo zilizolowa nyuma yake. Usiku alikuwa amerudi kwenye mvua, mvua ikameza mlio wa trekta na kufuta alama zake, akajilaza pale asimwamshe mgonjwa, na alfajiri akatoka kimyakimya kama kawaida yake. Mkewe alisikia trekta kweli, na mlango aliusikia kweli. Mlango unalia vilevile kwa anayetoka na kwa anayeingia.

Trekta lilivutwa, likatengenezwa, mjane akajifunza kuliendesha ili apate kula. Pancha akabeba jeki na spana akaenda kwake, nami nikaenda naye kwa sababu siku hizo nilikuwa simwachi peke yake. Alikuwa hali chakula vizuri.

"Shemeji, nimekuja kuyageuza," akasema. "Yakae inavyotakiwa."

"Yaache."

"Ni makosa, shemeji. Mtu akiyasoma yanamdanganya."

Mjane akaweka mkono juu ya tairi.

"Ukiyageuza, mume wangu atakuwa ametoka," akasema.

Pancha ni mtu aliyefukuza wateja kwa ajili ya tairi lisilofaa. Akaikunja jeki, tukarudi nyumbani.

Tangu hapo, kila mvua ikinyesha usiku, asubuhi mapema huyo mwanamke hulitoa trekta kibandani, hupita uani hadi njia ya bondeni, kisha hukata kona kabla ya tuta, huzunguka na kurudi kwa barabara ya kokoto. Huliegesha mbele ya nyumba mpaka tope likauke. Uani kunabaki alama za mtu aliyefika sasa hivi. Wapo wanaosema amerukwa na akili, na wapo wasiopita tena mtaa ule. Mimi nilisema mambo hayo yakomeshwe, kwamba kumwachia mtu uongo wa namna hiyo ni kumzika pamoja na mumewe.

Juzi alituita, tairi moja linapoteza upepo. Mvua ilikuwa imenyesha, na zile V mpya zilikuwa uani. Nilikuwa nimeshika jeki, nikataka kukatiza uani nifike kibandani upesi nikachukue ubao wa kuwekea jeki. Pancha akanikamata mkono.

"Pita pembeni," akasema kwa sauti ya chini. "Mwenye nyumba anaingia."

Nikapita pembeni.