Moshi Ndani ya Nyumba ya Laurenti

Kabla ya kujifunga kaniki asubuhi, Anastazia aliikung'uta mara tatu. Mara ya kwanza upande wa ndani, mara ya pili upande wa nje, na mara ya tatu kwa sababu hakuiamini ile ya pili. Kisha akakung'uta shati la mumewe, akainua ngozi ya kulalia kwa ncha ya fimbo, akagonga boriti moja baada ya nyingine toka mlangoni mpaka chumba cha nafaka, kitambaa kichwani, shingo ameizamisha mabegani. Akishamaliza hayo ndipo alipotoka kwenda kuwasha moto, maana jiko lilikuwa nje. Jioni alianza upya. Huu ulikuwa mwaka wa pili anafanya hivyo, na hakuna aliyempa pole. Mtu akilima, shamba linaonekana. Mtu akiwinda buibui mwaka mzima, kinachoonekana ni mwanamke anayepiga dari kwa fimbo.

Unaweza kusema, buibui tu hao. Laurenti mumewe naye alisema hivyo hivyo, mpaka siku aliyovaa shati bila kulikung'uta. Alihisi kitu kama mwiba ubavuni, akajikuna, akaenda zake shambani kuvuna uwele. Saa tano watu wawili walimrudisha wamemshika makwapani, jasho linamchuruzika, tumbo limekaza kama ubao, miguu inatetemeka yenyewe. Siku tatu alilia, mtu mzima mwenye mvi. Zahanati walimpiga sindano, wakasema asubiri. Akapona, ila mguu wa kulia ulibaki mzito, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Walikuwa buibui weusi wanaong'aa, tumbo la mviringo kama njugu mawe, na chini ya tumbo alama nyekundu. Anastazia aliwajua hata kwa sikio. Utando wa buibui wa kawaida ukiupitishia fimbo hukatika kimya, hujui hata kama ulikuwapo. Utando wa hawa ulikuwa mgumu, ukikatika unatoa sauti ndogo, tatata, kama nyasi kavu inayoshika moto. Akiisikia sauti hiyo alisimama papo hapo, hata kama mikononi ana mtungi wa maji.

Kosa lilikuwa lao wenyewe, mke na mume, na Anastazia hakumficha mtu. Mwaka wa sabini na nne, watu walipoambiwa wahamie kwenye vijiji vya Ujamaa, wao walitoka kwenye tembe lao la zamani, la paa bapa la udongo, upande wa pili wa Issuna. Wengi waliacha kila kitu. Laurenti alikataa katakata kuacha miti ya paa. Kwao, mtu akijenga nyumba mpya bila mti hata mmoja wa nyumba ya baba yake, wazee humwuliza kama aliokotwa porini. Akaibomoa ile nyumba, akaibeba miti yote kwa mkokoteni wa ng'ombe, akairundika kando ya ua wa minyaa kwenye kiwanja chao kipya. Hapo ikalala msimu mzima wa mvua, wao wenyewe wakiwa kwenye kibanda cha nyasi. Buibui wa porini wakaona wamejengewa. Mvua zilipokatika Laurenti akainua miti ya baba yake, akaipandisha juu ya kuta mpya pamoja na wapangaji wake wote.

Hata hapo wapangaji hao wangekufa, lau kama mambo yangekuwa ya zamani. Kwenye tembe la kwanza mafiga yalikuwa ndani, na moshi ulipita kwenye ile miti tangu enzi za babu, ikawa myeusi, inateleza, hakuna mdudu aliyeitamani. Kijiji kipya kilikuwa na masharti yake. Nyumba zikae kwa mstari. Kuta zipakwe udongo mweupe. Jiko liwe nje, na moshi ndani marufuku. Sharti lenyewe halikuwa baya, tuseme kweli. Macho ya wanawake wengi yalipona, watoto wakapunguza kukohoa. Lakini aliyeliandika hakuwahi kulala chini ya miti ya baba yake Laurenti.

Basi mwaka wa sabini na sita, mavuno yakiwa yamekwisha, ikaja salamu kutoka Mgori. Kristina, binti yao wa kwanza aliyeolewa huko, alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Angefika baada ya wiki moja. Anastazia alipaswa kupiga vigelegele. Badala yake alikaa juu ya kinu kilicholazwa uani akalia, tena si kwa furaha. Mtoto mchanga hulazwa chini kwenye ngozi. Hajui kukung'uta nguo, hajui kusema kimeniuma hapa. Mtu mzima kama Laurenti alilia siku tatu, kichanga je?

Akaenda kwa Simeoni, balozi wao wa nyumba kumi.

"Balozi, naomba ruhusa. Niwashe moto ndani siku nne tu, mchana. Nitie majani mabichi, moshi upande juu, wadudu watoke. Halafu kuta nitazipaka upya mwenyewe."

Simeoni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesifiwa mara mbili, na mtu akishasifiwa mara mbili huwa mgumu kumwomba kitu.

"Mama Kristina, bwana afya anakuja baada ya wiki tatu. Nyumba zangu zimeshika nafasi ya kwanza ya usafi mara mbili. Akikuta masizi ndani, tumekwisha."

"Akikuta maiti ya mtoto je?"

"Usiseme maneno hayo. Si unakung'uta kila siku? Basi endelea kukung'uta."

Neno hilo endelea lilimchoma. Alirudi nalo nyumbani njia nzima, na jioni ile akaendelea.

Kristina alifika mzigo kichwani, miguu imevimba. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Usikae hapo!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kumpokea mwanawe. Hata mzigo hakuwa ameutua, mama kashakipindua kigoda kwa fimbo, anakikagua chini. Kristina akacheka. Kisha akamtazama mama yake vizuri, akaacha kucheka.

"Mama, wewe unalala kweli?"

"Nikizeeka nitalala," Anastazia akasema, na alikuwa amezeeka tayari.

Siku ya tano mama aliitoa ngozi aliyomwandalia mjukuu. Alikuwa ameilainisha kwa samli kwa mikono yake, akaikunja na kuitundika ukutani, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameikung'uta. Mchana alipoikunjua akasikia tatata. Ndani ya mkunjo alikuwapo mmoja, mkubwa, amekumbatia kifuko chake cha mayai. Anastazia alimwua kwa kisigino cha fimbo, akakiponda na kifuko. Kisha fimbo ikamtoka mkononi, akakaa chini sakafuni, pale pale ambapo kwa miaka miwili hakuthubutu kukaa bila kupaangalia.

"Baba Kristina," akamwita mumewe aliyekuwa mlangoni, "mimi nimechoka. Kazi siichoki. Nimechoka kuogopa. Mpeleke Kristina kwa mumewe akazalie huko, nami wanicheke kwamba nimeshindwa kumpokea mwanangu."

Laurenti aliutazama mguu wake wa kulia. Ni mtu ambaye kwa miaka miwili hakuwa ametamka neno buibui, kana kwamba ule mguu ulijilemaza wenyewe.

"Ile miti niliipakia mimi," alisema.

Akatoka nje kwenye jiko. Anastazia alimwona akirudi anachechemea, figa la kwanza kifuani, lina masizi, linamchafua shati. Akaliweka katikati ya sebule nyeupe. Akaenda kuleta la pili. Akaenda kuleta la tatu, na safari hii ilibidi apumzike mlangoni.

"Balozi atasema."

"Aseme na mimi."

Kristina wakamkalisha nje kwenye kivuli cha kibanda cha mbuzi. Anastazia akawasha moto, ukikolea anautupia majani mabichi na mavi makavu ya ng'ombe, mlango ukafungwa. Moshi ukatafuta njia kwenye miti ya zamani ukaikuta. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha wakaanza kuanguka, mmoja mmoja, halafu watatu watatu, na waliokimbilia mlangoni wakawakuta kuku. Siku ya pili walianguka zaidi. Anastazia, macho mekundu, machozi yanamtiririka, alifagia na kufagia, akiwajaza kwenye kata ya kibuyu. Alikohoa mpaka mbavu zikamuuma, na moyoni aliona raha aliyokuwa ameisahau.

Siku ya tatu bwana afya akafika, mapema kuliko alivyotarajiwa. Simeoni alikuwa mbele yake, anamsimulia habari za nafasi ya kwanza mara mbili. Walipofungua mlango, balozi akazikatiza sifa zake kwa kikohozi. Kuta zilikuwa nyeusi toka juu mpaka kiunoni.

"Mama, nini hiki?" bwana afya akauliza. Alikuwa kijana mpole, amevaa soksi nyeupe.

 Anastazia alimletea kata ya buibui karibu na uso. Kijana akachungulia, akaruka nyuma hatua mbili.

"Hawa ni wabaya kweli," alisema.

Akatoa kalamu, akaandika: masizi, moto ndani, jiko la nje halina mafiga. Fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika buibui.

Siku nne baadaye Kristina alijifungua mtoto wa kike, akalazwa kwenye ngozi ile ile, chini ya miti iliyoanza tena kuwa myeusi. Simeoni hakuja kutoa hongera.

Mwezi uliofuata uliitishwa mkutano wa kijiji kusoma matokeo ya usafi. Anastazia alikwenda na mjukuu mapajani ili Kristina apumzike. Zikasomwa nyumba bora, watu wakapiga makofi. Kisha Simeoni akasimama, sauti kavu, akasema nyumba iliyowaangusha wote ni ya Laurenti na mkewe, nao wasimame wawili hao waonekane.

Laurenti akasimama peke yake. Watu wakageuka kumtafuta mkewe. Anastazia alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta wa ofisi ya kijiji, mdomo wazi, anakoroma taratibu, na mtoto naye amelala. Kicheko kikapasuka uwanja mzima.

"Mwamsheni!" Simeoni akasema.

"Mwacheni," Laurenti akasema. "Nimesimama kwa ajili ya wote wawili. Huyu ana miaka miwili hajalala."

Hakuwa amepaza sauti, lakini wanawake waliokuwa karibu waliacha kucheka, mmoja akamsogezea Anastazia mtandio usimwangukie mtoto usoni. Mkutano ukaendelea na habari za shamba la pamoja.

Alizinduka watu wameshatawanyika. Laurenti alikuwa amekaa kando yake ameunyoosha mguu.

"Wamesemaje?"

"Tumekuwa wa mwisho."

"Haya," akasema.

Akampa mumewe mtoto, akainuka, akachukua khanga ya kumbebea. Akaikung'uta upande wa ndani. Akaikung'uta upande wa nje. Kisha akaiinua tena, akaitazama kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, wakaenda nyumbani.