Nguo ya Kipimo

Mdomo wangu hauna breki, najijua. Kwenye kikao cha sare za harusi, pale Mwembesongo, tulipoambiwa vitenge vimeshapelekwa kwa fundi, nikasema wazi: mimi yule hanipimi tena, mara ya mwisho mkono wake ulitalii kifuani kwangu. Wengine wakacheka. Wengine wakainama.

Kesho yake fundi akaja kwenye meza yangu ya vitumbua, mbele za wateja. Akataka nikanushe mbele ya kikao kilekile, la sivyo ananipeleka mahakamani kwa kumchafulia jina. Niliogopa, sifichi. Nilijiona nauza mpaka karai kulipa fidia.

Nikaenda Mafiga kwa dada mmoja, msaidizi wa kisheria. Akaniambia ukweli ni kinga, ila lazima uthibitishwe. "Una shahidi?"

"Shahidi wangu ni futi yake, dada, nayo haina mdomo."

Tulicheka, lakini nilirudi nyumbani mnyonge. Kukanusha sikutaka. Nikanyamaza, hata mume wangu akadhani naumwa.

Kumbe wenzangu walikuwa na lao. Kila aliyekwenda kushonewa sare alibeba gauni la zamani: "Nguo ya kipimo hii hapa, fundi." Futi ikabaki inaning'inia shingoni mwake. "Kwani mnaogopa nini?" akauliza. Kimya. Nani atamshtaki mtu kwa kunyamaza?

Naye fundi alihitaji mashahidi, wa kusema jina lake lilikuwa safi kabla yangu. Akazunguka mtaa, huyu ana mgonjwa, yule anasafiri Gairo. Mwisho akaja nyumbani kwa mama mkwe wangu, Mluguru wa swala tano, mteja wake wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama. Wewe unanijua vizuri. Utanisemea?"

"Marahaba, mwanangu. Nitakuja. Ila nikishaapa, nitasema unavyopima."

Fundi aliaga chai hajaimaliza. Habari ya kesi sikuisikia tena, nami nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikakumbuka magauni yote ya Idi aliyoshonewa mama pale, kicheko kikakatika.

"Mama, hata wewe?"

Akavuta mtandio wake. "Nilikuwa nangoja mtu aanze."